Kikapu kisicho na oda: namna ninavyopanga kazi ya milulu ili mikono isichoke na kichwa kisikauke

Kamwene. Hii naiandika kwanza kwa wanaosuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya mabondeni, hapa Iringa, ila kama we unafuma masweta Njombe au unashonea kitenge mikoba pale Mwanjelwa, Mbeya, soma tu, maana nikikaa na wenzangu wa kazi nyingine za mikono nasikia malalamiko yaleyale, oda zimechanganyika, hela haionekani, na kibaya zaidi ile hamu iliyokufanya uanze imepotea.

Mi ilinikuta mwezi wa kumi na mbili mmoja. Oda zilikuwa nyingi mno, nyingine WhatsApp, nyingine mtu kanisimamisha tu sokoni akaniambia "mama, na mimi nisukie kimoja", nyingine shangazi kapokea kwa niaba yangu kanisani, na zote nilikuwa nazitunza kichwani. Siku moja akaja dada aliyelipa nusu tangu mwezi wa kumi, kikapu chake nilikuwa nimekimaliza kweli, afu nikamuuzia mtu mwingine aliyekipenda akiwa anapita. Yule dada hakugomba, alinyamaza tu akaangalia chini, na mpaka leo nikikumbuka ile sura moyo unaniuma. Usiku nikakaa kwenye mkeka nikagundua na kitu kingine, kwamba tangu mwezi wa tano sijasuka ua jipya, yani nakshi mpya ya kikapu, hata moja. Nilidhani hayo ni matatizo mawili, kumbe ni moja. Kichwa kinachokesha kinakumbuka nani anadai nini hakina nafasi ya kuwaza rangi.

Kwa hiyo mambo yote ninayoyaeleza hapa chini, ya daftari, ya bei, ya kuanika milulu, yana kazi moja tu, kukitoa hicho kichwa mzigo ili kipate kuwaza.

Anza na daftari moja, la karatasi

Najua kuna programu za simu, mi mwenyewe nimezijaribu, lakini ukiwa unasuka vidole vina maji na rangi na simu huwezi kuishika kila mara. Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, ining'inize kwa kamba hapo unapokalia pamoja na kalamu yake, na kalamu uifunge kabisa la sivyo watoto wataondoka nayo. Kila oda mstari mmoja: tarehe, jina, namba ya simu, kipimo, rangi, aina ya mpini, kianzio, salio, siku ya kuchukua, na mwisho kisanduku kitupu cha kuweka alama kikapu kikishaondoka.

Kwenye kipimo usiandike "cha kati" hata siku moja. Cha kati cha kwako sio cha kati cha mteja. Mtu akiniandikia "dada naomba cha kati, rangi nzuri nzuri", namjibu hivi: "Sawa dada yangu, ni cha kuweka nini? Kama ni cha sokoni mdomo wake huwa sentimita 35, kama ni cha matunda mezani 25. Na rangi nikuwekee zambarau na kijani, au ibaki ya milulu yenyewe na mstari mmoja mweusi?" Akishachagua naandika namba, afu napiga picha huo mstari wa daftari namtumia. Hiyo picha imeniokoa mara nyingi kwa sababu baadaye hakuna wa kusema "sikusema hivyo".

Kianzio ni nusu, kwa kila mtu. Hapa ndipo sisi watu wa huku tunapata shida kwa sababu ya heshima, utamwambiaje mama mkwe wa dada yako atoe hela kwanza. Mi nasema "mama, hiyo nusu ndo inaenda kununua milulu na ngozi, nyingine utanipa ukishakishika mkononi." Nikimweleza hela inapokwenda hakasiriki. Na ndugu wa karibu kabisa ninayetaka kumpa zawadi nampa zawadi, inaandikwa kwenye daftari kwamba ni zawadi, isije ikageuka deni tusilotamkiana.

Bei uihesabu, usiisikilizie

Wengi tunauza kwa bei tuliyoisikia kwa jirani. Kaa chini uchukue kikapu kimoja ukiandike chote. Tuseme milulu ya 3,000, rangi 800, mikanda ya ngozi 5,000, kitambaa cha ndani 1,500, na kile kipande cha nauli uliyotumia kufuata vitu 700. Hapo ni 11,000. Ukikiuza 18,000 unaona una faida ya 7,000 na unafurahi, lakini weka saa kwenye simu uone umekisuka kwa mda gani. Mi cha namna hiyo kinanichukua kama saa 14, ukigawa unapata 500 kwa saa, na hapo hujahesabu kuloweka wala kupiga picha wala kumjibu mteja saa nne usiku.

Sasa we amua saa yako moja ni shilingi ngapi. Ukisema 1,000, kikapu hichohicho ni 25,000. Bei ya namna hiyo wapo watakaoikataa, ni kweli, mi nilipoteza wateja kadhaa mwanzoni. Ila waliobaki walinunua, na nilikuwa nasuka vichache kwa utulivu, mshono ukawa mzuri zaidi kwa sababu sikimbizani na mtu. Kama kuna mwenye duka atakayekiuza kwa niaba yako, kumbuka na yeye ataongeza cha kwake, kwa hiyo bei yako ya jumla lazima iwe imeshalipa saa zako, usimpunguzie mpaka ukabaki na gharama ya milulu tu.

Hela ya kazi ikae laini nyingine ya simu, sio ile unayonunulia sukari. Hilo halina maelezo mengi, fanya tu.

Milulu haisubiri

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili mpaka wa nne. Mda huo kuanika ni shida, jua linatoka saa mbili linaingia wingu saa nane. Akina mama wanaokata milulu mabondeni wanajua hili kuliko mimi, ndio walionifundisha kwamba mzigo wa masika ununue na uukaushe kabla masika hayajafika.

Mwaka wa kwanza nilifanya kosa. Nilinunua mzigo mkubwa nikiwa na haraka, nilipoushika ulikuwa mkavu kwa nje ila ukikunja shina katikati lilipinda taratibu badala ya kulia "ka!", yani ndani bado kuna maji. Nikauweka kwenye viroba vya plastiki nikafunga midomo, nikaurundika chini ya kitanda. Baada ya wiki tatu nilipofungua ilinipiga harufu ya chumba kilichofungwa, milulu ina madoa ya kijivu kama vumbi, ukiyafuta yanabaki. Zaidi ya nusu ikatupwa. Sahivi nafunga mafungu membamba kiasi cha kushikwa na mkono mmoja, nayatundika kwenye fito juu karibu na dari, hewa ipite, na kila fungu lina kikaratasi cha tarehe niliyonunua ili la zamani litumike kwanza. Kabla ya kusuka nalinyunyizia maji nalifunika na kitambaa chenye unyevu. Usililoweke kama unaloweka maharage, litavimba afu likikauka kikapu kinalegea.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari chora kalenda yako ya mwaka. Ya kwangu iko hivi. Mwezi wa sita mpaka wa kumi ni kiangazi, watalii wanapita mjini kwenda hifadhi ya Ruaha, hapo vikapu vidogo vinavyoingia kwenye begi ndio vinatoka. Mwezi wa nane kuna Nane Nane Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale, kama unataka kwenda na mzigo wa maana anza kuusuka mwezi wa tano, usianze Julai, maana Juni na Julai asubuhi baridi ya huku inafanya vidole vigome kabisa, mi nasuka kuanzia saa nne jua likishapanda. Mwezi wa kumi na mbili ni zawadi na harusi. Januari watu wanalipa ada za shule, hakuna anayenunua kikapu, kwa hiyo nauacha uwe mwezi wa kurekebisha vitu na kujaribu rangi, na hela ya Januari naiweka pembeni tangu Oktoba. Ukishajua kwamba Januari huwa kimya, ule ukimya haukutishi tena, nilikuwa kila mwaka nadhani biashara imekufa.

Kikapu kisicho na oda

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana nasuka kikapu ambacho hakuna aliyekiomba, na oda zikijaa namna gani Jumatano siigusi. Simu naipeleka chumba kingine. Kikapu hicho hakina kipimo, hakina mwenyewe, na kinaruhusiwa kuharibika. Vingi vinaharibika kweli, nafumua nusu yake au navitumia kuwekea vitunguu jikoni. Lakini karibu kila kitu kinachoniuzia sahivi kilizaliwa Jumatano.

Nitoe mfano mmoja. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, ukitoka mjini ukaangalia miti ya miyombo vilimani utaona inatoa majani mapya, na hayo majani hayaanzi na kijani, yanaanza mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama divai, afu baada ya siku chache ndo yanageuka. Nimekua nikiiona miti hiyo kila mwaka na sikuwahi kuiwaza. Jumatano moja nikasema ngoja nisuke ule mgeuko. Kitako nikaacha rangi ya milulu yenyewe, nikapanda na hudhurungi, nikaingiza wekundu mzunguko mmoja mmoja, sio mstari mpana wa rangi moja kama tulivyozoea, yani unachanganya nyuzi mbili za rangi tofauti kwenye msokoto mmoja ili jicho lisione mpaka, na kuelekea mdomoni nikaleta kijani. Cha kwanza wekundu ulikuwa mkali mno kikaonekana kama ndoo ya plastiki. Cha pili nikapunguza rangi nusu. Cha tatu nikakiweka stetasi bila bei wala maneno, na kabla ya jioni watu wanne wamekiulizia.

Ile rangi ningeisahau kama nisingekuwa na kaunta buku ya pili, ya sampuli. Kila nikichemsha rangi nachukua milulu mitatu minne iliyopakwa, naifunga na uzi kwenye ukurasa, pembeni naandika vijiko vingapi, maji kiasi gani, dakika ngapi jikoni. Ukurasa unanukia moshi na milulu, na huwa nikiufungua tu mikono inaanza kutaka kazi. Siku ambayo sina wazo lolote sijilazimishi kuwaza, nafungua sampuli, nachagua mbili ambazo hazijawahi kukaa pamoja, naanza kitako.

Watu wananiuliza mawazo nayatoa wapi. Mengine nayatoa miguuni tu. Soko Kuu pale mjini, nenda asubuhi uangalie jinsi akina mama wanavyopanga nyanya na pilipili na karanga, kuna mpangilio wa rangi pale ambao hakuna aliyewafundisha. Nenda Iringa Boma, lile jengo la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, ukaangalie vitu vya zamani polepole, angalia vilivyofungwa, vilivyoshonwa, mdomo umemaliziwaje. Panda jiwe la Gangilonga jioni, mji wote uko chini yako, kaa robo saa bila kupiga picha. Na ukipata nauli ya kwenda Kyela fika Matema Jumamosi, soko la Lyulilo, Wakisi wa Ikombe wanaleta vyungu walivyofinyanga kwa mikono. Mi sifinyangi, lakini nilivyoshika chungu chao nikapitisha kidole kwenye shingo yake nikaelewa kwa nini vikapu vyangu vilikuwa vinaonekana vizito, nilikuwa napanua tumbo mapema mno. Somo la kikapu nilipewa na chungu, yani.

Na hapa mjini kuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanza 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, wakatengeneza mpaka karatasi za kinyesi cha tembo. Hebu fikiria mtu anayekiona kile kinyesi akaona karatasi. Kila nikitaka kulalamika kwamba sina malighafi nzuri naliwaza hilo.

Kitu kimoja nakikataa kabisa, kuchukua picha ya kikapu cha mwenzio mtandaoni na kukiiga mshono kwa mshono. Siongelei ua la kurithi, ua la kurithi ni letu sote, bibi zetu walisuka vikapu vya nafaka na vya kuchujia pombe kabla hatujazaliwa na hakuna anayelimiliki. Naongelea wazo la mtu aliye hai anayelisha watoto nalo. Mteja akinitumia picha ya namna hiyo namwambia nitakusukia cha kwako, nieleze ulichokipenda pale. Mara nyingi ni kitu kimoja tu, mpini au rangi ya mdomo.

Kama bado una bibi au mama mkubwa anayesuka nenda ukakae naye, usimhoji, chukua milulu msuke pamoja. Bibi yangu hajawahi kunieleza kitu kwa maneno, lakini anapofika kwenye kona ya ua anauma shina kidogo na meno kabla hajaligeuza, na mimi nikamuiga, na mashina yakaacha kuvunjika.

Kutuma mzigo

Mzigo wa Dar au Dodoma tunatuma kwa basi, na siku nyingi unafika salama. Mara moja nilituma vikapu sita, karatasi ya jina nilikuwa nimeibandika kwa nje tu, ikabanduka njiani, wakakaa nao stoo siku tisa hawajui ni wa nani na mimi nazunguka na simu. Tangu hapo jina na namba ya mpokeaji naandika mara mbili, nje na ndani ya kikapu, napiga picha mzigo ukiwa kaunta pamoja na risiti, afu mteja namtumia zote mbili palepale. Vikapu vipachike kimoja ndani ya kingine ila weka gazeti katikati, rangi nyekundu inahama.

Kodi na mkopo

Hili watu wanaliogopa, na ndo sehemu ambayo daftari inakulipa hela taslimu. Kwa viwango vya kodi ya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza Julai 2019, mauzo yakiwa hayazidi milioni 4 kwa mwaka hulipi kodi ya mapato. Yakizidi hapo mpaka milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yani umeuza milioni 5, ukiwa na daftari ni 30,000, usipokuwa nayo ni laki moja. Bajeti inaweza kubadili viwango, pita ofisi ya TRA, wale wa kodi, uulizie vya mwaka huu, na daftari uwe nayo mkononi.

Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, nao wana ofisi Iringa na Mbeya, ulizia mafunzo. Ila nawaomba wapendwa, msichukue mkopo kabla hamjasuka miezi sita na daftari, maana hamtajua mnakopa kiasi gani wala mtarudisha na vikapu vingapi.

Kama sahivi uko pale nilipokuwa mimi ile Desemba

Usisubiri tarehe moja. Leo usiku watoto wakilala, fungua WhatsApp ushuke mpaka oda ya zamani kabisa ambayo hujaitimiza, uje nazo juu moja moja ukiandika kwenye daftari. Wale wa mdomo waandike kwa kukumbuka, muulize na shangazi aliyekupokelea. Zilizochelewa weka nyota. Kesho asubuhi wapigie wenye nyota, usitume meseji, piga, uwape siku ya kweli ambayo hata umeme ukikatika na mtoto akiugua utaifikia, na kama kuna anayetaka hela yake mrudishie. Inachukua kama masaa mawili na yanachosha, mi nilipiga simu kumi na saba, yule dada wa kikapu kilichouzwa nilimpigia wa kwanza. Aliniambia "nimekusamehe mama, ila nataka chenye kijani." Nikaandika: sentimita 35, kijani, mpini wa ngozi, amelipa.

Ukishakata simu ya mwisho, kata milulu ya Jumatano uifunike na kitambaa.